Chupa Yangu ya Kiluma

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa njano. Aliyekuwa Nairobi wakati huo hana haja ya kalenda. Mvua ilikataa kila mahali, kule kwetu Ukambani ng'ombe walilala chini wakakataa kuinuka, na serikali ikaleta mahindi kutoka ng'ambo yenye rangi ya kiini cha yai. Ugali wake ulinuka kama gunia lililonyeshewa. Nilijaribu kuyapika muthokoi, kile chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mume wangu akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, akauliza kama hicho ni chakula ama ni rangi ya kupaka mlango.

Tuliishi katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, si mbali na Jogoo Road, chumba kimoja na pazia katikati. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Mimi nilisuka viondo, na nilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeniandika: nilikuwa daktari wa matumbo wa laini yetu nzima, safu ya nyumba kumi na mbili. Shule niliachia darasa la pili, lakini mambo ya tumbo nilijua yote. Ukiniuliza leo nilijua nini, nitakuambia nilijua kuongea.

Na katika mwaka huohuo wa njano binti yangu wa kwanza alikuwa mjamzito. Alikuwa karani wa kupiga taipu, ameolewa, anakaa Kariobangi, na tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo: akijifungua atakuja kwangu, nimpikie uji, nimwoshe mtoto kwa mikono yangu mpaka kitovu kidondoke na shingo ikaze. Kwetu mama mzazi wa binti ndiye hufanya hivyo. Nilikuwa nimeshanunua beseni. Nililitundika ukutani mahali ambapo kila mgeni angeliona na kuuliza ni la nini.

Dawa yangu ilikuwa kiluma. Waswahili huita shubiri, ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni. Kilitoka nyumbani ndani ya gunia, juu ya basi, nikakipanda mlangoni kwenye debe la mafuta. Nilikata jani, nikalisimamisha kwenye bakuli lidondoshe utomvu wake wa njano, nikauchemsha, nikauchuja kwa kitambaa, nikautia kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya machungwa. Elimu yangu yote ilikuwa hii: dawa ni uchungu. Kitu ambacho hakikunji uso ni chai.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotulea. Tumbo kwake lilikuwa kama sufuria, likishika unalisugua. Na mimi wanangu niliwapanga foleni kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkubwa mbele, mdogo nyuma, kijiko mdomoni, pua nimeishika mwenyewe. Aliyetema alirudia. Wakikimbia chooni nilisimama mlangoni nikiwahesabu kama mchungaji, moyo wangu mweupe kabisa, nikijua uchafu unatoka.

Basi unga wa njano ulipoanza kuwasumbua watu, nani aliitwa? Kila mtu alisema mahindi yale ni ya kulisha nguruwe wa Wazungu, kwamba yanaganda kwenye utumbo kama gundi. Nami niliongeza yangu. Nikasema kwenye mfereji wa bomba, mbele ya wanawake wote na ndoo zao, kwamba gundi haiondoki kwa kubembelezwa. Jumamosi moja asubuhi nikawanywesha wanawake sita kwa mkupuo, kila mmoja nusu kikombe.

Nilisahau kitu kimoja tu. Laini yetu ilikuwa na vyoo viwili.

Sitaeleza yote. Ufunguo wa choo ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee, na saa nne ya asubuhi ile niliona wanawake wawili, watu wa kanisa, wakivutana ubao huo kama mbwa na mfupa. Jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa mtu wa reli, Mluhya mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameegemea ukuta macho ameyafumba.

"Mkamba," akaniambia, "nikifa hapa, uwaambie watu wangu niliuawa na jirani."

"Hufi, Mluhya. Hiyo ni njano inatoka."

"Njano ilitoka saa mbili. Sasa inatoka nyekundu, kijani na rangi ya joho la kanisa letu."

"Ukiona inauma ujue inafanya kazi."

"Hata fisi akikula inauma, na yeye pia anafanya kazi."

Wanawake wakacheka, wale walioweza. Mimi nilirudi nyumbani nikaongeza maji kwenye kiluma changu. Niliona nimefaulu sana.

Lakini tumbo lililokuwa na shida ya kweli lilikuwa langu. Lilianza kabla ya Jumamosi ile, na sikumwambia mtu. Daktari wa laini nzima, ataanzaje kusema anaumwa? Mara tatu kwa siku, kisha tano, kisha nikaacha kuhesabu. Linasokota chini upande wa kushoto, kama mtu anakamua nguo. Na kilichotoka kilikuwa na makamasi, na baadaye damu.

Sasa nisikilize jinsi nilivyofikiri, uone kichwa kinavyoweza kuzunguka kikarudi palepale. Tumbo langu linaharisha. Linaharisha kwa nini? Kwa sababu kuna uchafu unataka kutoka. Basi niusaidie utoke. Nikanywa kiluma. Nikaharisha zaidi. Nikasema, kumbe uchafu ulikuwa mwingi hivi. Nikaongeza kiluma. Nilipoona damu nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, nikasema tumefika kwenye mzizi.

Niliendelea hivyo karibu miezi miwili. Nilikuwa nakaa chooni muda mrefu mpaka nikaanza kwenda na kazi yangu. Ndiyo, nilisuka kiondo chooni. Watu wakigonga mlango nikawaambia wangoje nimalize mstari. Jirani yangu akaniuliza siku moja kwa nini viondo vyangu vya siku hizi vina mdomo umepinda, nikamwambia ni mtindo mpya wa watalii.

Yeye hakuwa mjinga. Alikuja nyumbani mchana mmoja na sufuria ndogo imefunikwa.

"Majani ya mpera," akasema. "Kwetu mtu akiendesha tunamchemshia haya. Yanafunga."

"Mimi siendeshi."

"Nani alikuwa na ufunguo tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nasafisha choo."

"Kwa hivyo choo chetu ndicho kisafi kuliko vyote Nairobi." Akaweka sufuria mezani. "Dada, nyinyi Wakamba mnaponya tumbo kwa kulifukuza. Litaenda lisirudi. Kunywa."

Alipotoka nikayaonja. Hayakuwa machungu hata kidogo, yalikuwa makavu tu mdomoni, kama kulamba ukuta. Nikayadharau. Lakini kwa vile nilikuwa nimechoka, nikayanywa, na kesho yake sikumwambia. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najicheka peke yangu: asubuhi nakunywa kiluma changu cha kufungua, jioni nakunywa mpera wake wa kufunga. Tumbo likawa duka. Lilifunguliwa na kufungwa kila siku, na mwenye duka anazidi kukonda.

Nilikonda mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni peke yake. Niliikunja mara mbili nikaishika kwa pini kubwa ya nepi, moja ya zile nilizomnunulia mjukuu. Nikitembea nilishika ukuta kama naukagua. Mume wangu alinunua nusu ratili ya nyama, akanitazama nikiila na ugali ule wa njano, akanitazama nikitoka mbio kabla hajamaliza tonge lake. Yeye ni mtu wa kusema na injini. Lakini keshoye niliona ameweka kiti karibu na mlango, ili nisikanyage watu nikitoka.

Aliyesema alikuwa jirani yangu. Binti yangu alikuja Jumapili, tumbo lake limefika mbele kabla yake, na yule mke wa mtu wa reli akamkamata kwenye mfereji kabla hajafika kwangu. Aliniuza yote: ufunguo, kiondo, damu. Damu alijuaje? Kwa vyoo viwili na nyumba kumi na mbili hakuna siri ya tumbo.

Binti aliingia hakuketi.

"Mathe, inua blauzi."

"Mathe ni nani? Ongea na mimi kama mama yako."

"Mama, inua blauzi."

Akaiona pini. Akaitambua. Akaketi polepole kwenye kitanda, mkono juu ya tumbo lake, akaliangalia lile beseni ukutani.

"Tangu lini?"

"Ni huu unga. Kila mtu analalamika."

"Hata mimi naula huo unga, na mume wangu anaula. Mbona hatujafungwa pini? Twende hospitali kesho."

Nikamwambia hospitali ni ya watu wasio na dawa. Nikamwambia yeye mwenyewe alikua kwa kiluma hiki na hakuna siku alilala wodi. Nikamwonyesha chupa, nikaitikisa, nikaringa nayo. Akangoja nimalize. Binti huyu alichukua ukimya wa baba yake na ulimi wangu, na alijua cha kutumia lini.

"Mama," akasema, "mikono inayoenda chooni mara kumi na mbili kwa siku haitamwosha mtoto wangu. Nitaenda kwa mama mkwe. Yeye amesema yuko tayari."

Kama angenipiga kofi ningejua la kufanya. Mama mkwe wake ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini huosha sufuria kwa maji baridi, mwanamke yule, nami nilikuwa nimeshaona atakavyomwosha mjukuu wangu. Nililitazama beseni langu. Ndipo nikaona, nikiwa nimesimama pale na chupa mkononi, kwamba sikuwa nimelala usingizi mzima kwa wiki nyingi, na kwamba kulibeba beseni hilo likiwa na maji kutoka mferejini nisingeweza.

Kesho yake tulikwenda. Usifikiri nilikwenda kwa unyenyekevu. Chupa niliificha ndani ya kiondo, chini ya leso, ili nikipewa vidonge vyao visivyo na uchungu niwe na dawa ya kweli ya kuvisukuma.

Daktari alikuwa kijana, shati jeupe, kucha safi. Alinisalimia shikamoo nikaona angalau amelelewa.

"Mama, unakunywa nini kwa tumbo hili?"

"Chai."

"Na kingine?"

"Maji."

"Na kingine?"

"Maji ya moto."

Binti yangu akaingiza mkono kwenye kiondo, akatoa chupa, akaiweka mezani. Daktari akaifungua, akainusa, akatia tone moja kwenye kidole na kuonja. Uso wake ulikunjika wote. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia fahari.

"Unakunywa kiasi gani?"

"Nusu kikombe. Siku mbaya, kikombe."

Akaandika kitu. Kisha wakanichunguza kwa kifaa chenye taa. Sitasema kiliingilia wapi. Nina heshima zangu, ingawa siku ile niliziacha kwenye kiti pamoja na kiondo. Nilimwambia nesi kwamba nimezaa watoto saba na hakuna aliyewahi kutafuta kitu huko kwa tochi.

Daktari aliniita tena akanieleza kwa Kiswahili kizuri, polepole.

"Utumbo wako mkubwa umevimba ndani, mama. Umechubuka, una vidonda. Unajua goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto? Uko hivyo. Na wewe kila asubuhi unalisugua goti hilo kwa brashi."

"Lakini dawa inatoa uchafu."

"Uchafu uliisha siku ya kwanza. Sasa inakutoa wewe."

"Na unga wa njano?"

"Hata mimi nilikula jana. Huo hauna kosa."

Hilo lilinichoma kuliko kile kifaa. Miezi miwili niliyasema yale mahindi vibaya kwa kila mtu, na muuaji alikuwa mlangoni kwangu ndani ya debe, namwagilia maji.

Nikajaribu kupatana naye, kama tunavyofanya sokoni Gikomba. "Basi nipunguze? Kijiko kimoja?"

"Uache."

"Kijiko cha chai."

"Mama, uache."

Akaniandikia vidonge na tarehe ya kurudi. Akaniambia nile vitu laini, uji wa wimbi uliochujwa, ndizi, na nisiache vidonge hata nikijisikia mzima. Nilipokuwa nimefika mlangoni, binti yangu akageuka, kwa ubaya tu, akamuuliza juu ya majani ya mpera.

"Ya kuchemsha, mepesi? Hayo sidhani yatamdhuru. Lakini yasichukue nafasi ya vidonge."

Nilimwomba binti yangu asimwambie jirani. Aliahidi. Alimwambia kabla hatujafungua mlango wa nyumba. Mwanamke yule alitembea mbele ya laini yetu siku tatu kama aliyeteuliwa waziri. Kila asubuhi alileta kijisufuria chake, akakaa mpaka nimalize, akasema, "Daktari wetu amesemaje vile?" Nami ilinibidi nirudie. Ilikuwa chungu kuliko kiluma, na kwa kanuni yangu ya zamani basi ilikuwa dawa.

Vidonge vilikuwa vitamu kwa juu. Nilivimeza bila imani yoyote. Wiki ya kwanza nilishindwa kuamka asubuhi bila kuitazama ile chupa. Mume wangu akaichukua bila kuniuliza, akamwaga, akaitia mafuta ya breki. Wiki ya pili nikasuka kiondo nikiwa nimekaa kwenye kiti, na mdomo wake ukatoka mviringo. Wiki ya tatu pini ya nepi ilianza kunibana. Nilimwita binti yangu, nikashusha beseni mbele yake, nikaenda mferejini, nikalijaza, nikalibeba hadi ndani bila kupumzika. Nilikuwa nahema kama ng'ombe wa mwaka ule. Lakini sikumwaga.

Akayatazama maji. "Umeosha mikono?"

"Mara mbili. Kwa sabuni. Unataka kunusa?"

Alinusa, huyo mtoto. Kisha akasema atakuja kwangu.

Mjukuu alizaliwa msichana, mweusi wa kung'aa, ana hasira kama mimi. Nilimwosha kila siku. Nilijua joto la maji kwa kiwiko, nilijua mikunjo yake yote, na tumbo langu, ingawa mpaka leo linanikumbusha mara kwa mara kwamba halijanisamehe, lilikaa kimya na kuniacha nifanye kazi.

Alipofika wiki ya tano alianza kulia. Si kilio cha njaa. Alikunja magoti hadi kifuani, akakaza ngumi, akalia kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka jua la kuanika nguo linaisha. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu binti yangu naye alilia, na wanawake wa laini wakaingia mmoja mmoja bila kubisha, wale wale sita wa Jumamosi ile. Ungefikiri wangekuwa wa mwisho kusema. Lakini mtu husahau tumbo lake haraka sana.

"Ni tumbo limefunga," mmoja akasema. "Debe lako bado liko hapo nje. Mpake kwenye ulimi."

Ni kweli, debe lilikuwepo. Sikuwa nimeking'oa kiluma, nilikiweka kwa ajili ya kupaka mtu akiungua.

"Wewe ndiye ulitufundisha," mwingine akasema. "Watoto wako wote umewapa. Leo umeogopa?"

"Nimeogopa," nikasema.

Jirani yangu akasogea na kijiko. Ndani alikuwa na maji ya mpera, ameyapoza. "Basi haya yangu. Haya daktari alikubali. Ulisikia mwenyewe."

"Alikubali ninywe mimi. Mimi nina miaka hamsini kasoro. Huyu ana wiki tano."

"Ni tone, Mkamba. Unanionyesha kiburi kwa tone."

Akanifanya nionekane mwenye kiburi, na nilikuwa nacho, lakini si cha siku hiyo. Mtoto alikuwa begani kwangu, amekaza kama fundo la kamba. Nilikuwa nampapasa mgongo, nikizunguka meza, nikimlaza kifudifudi kwenye mkono kama alivyonionyesha nesi wa kliniki ya watoto. Nikasikia pazia linavutwa. Binti yangu alikuwa amesimama hapo, nywele hazijachanwa, maziwa yamelowesha gauni. Yeye, yule wa kunusa mikono.

"Mama," akasema, "mimi nimechoka. Mpe tu kidogo. Mimi si nilikunywa? Si niko hapa?"

Wote walikuwa wananiangalia, daktari wa laini nzima, wakingoja nifungue mlango nikakate jani.

"Simpi," nikasema. "Hata tone. Akilia zaidi tunakwenda kliniki, na mimi ndiye nitakayembeba."

"Mama, tafadhali."

"Simpi," nikarudia. "Hata tone. Akilia zaidi tunakwenda kliniki, na mimi ndiye nitakayembeba."